Kuua konokono wa kichocho kwa dawa ya mmea: mwongozo kwa wenye lambo, dimbwi au mfereji mdogo

Kiangazi kikianza maswali ni yale yale. Mwarobaini unaua konokono? Niweke ndoo ngapi? Ng'ombe wakinywa je? Samaki watapona? Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeuliza aanzie hapa.

Jibu fupi kabla hujashika mchi: mimea inayoua konokono wa kichocho ipo, na ipo inayoua vizuri sana. Ila sumu ni sumu hata kama imeota porini. Kinachomuua konokono kwenye mimea hii kinamuua na samaki, na macho yako nayo hayatapenda. Ukikubali kupima badala ya kukisia, endelea kusoma. Ukitaka kumwaga tu "kiasi cha kutosha", acha.

Ni maji gani tunayozungumzia

Mwongozo huu unahusu maji madogo yaliyosimama au yanayoweza kusimamishwa: lambo la kijiji, dimbwi lililobaki mto ulipokauka, shimo la machimbo ya udongo ambalo watoto wamelifanya bwawa la kuogelea, mfereji wa umwagiliaji wenye banio linalofungika.

Usiutumie kwenye ziwa, kwenye mto unaotiririka, kwenye bwawa la kufugia samaki, wala kwenye chanzo cha maji ya kunywa. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria huniuliza sana kuhusu ufukwe wao. Hapo hakuna dawa ya mmea utakayomudu. Mawimbi yataichukua kabla konokono hajaisikia.

Kabla ya yote ongea na afisa afya wa kata na serikali ya kijiji. Kwa Tanzania, kuweka dawa kwenye maji ya umma kunagusa pia bodi ya maji ya bonde lako. Hata kama lambo ni la shamba lako binafsi, maji yakifurika yanakwenda kwa jirani. Afisa afya anaweza pia kukuambia kama eneo lenu limo kwenye mpango wa kunyunyizia niklosamaidi, dawa ya viwandani ambayo ndiyo hutumika zaidi duniani kwa kazi hii na ambayo Unguja na Pemba imetumika kwenye madimbwi na vijito. Kama imo, usichanganye dawa mbili.

Mmea upi

Ninaoupendekeza ni endodi, ambao wataalamu wa mimea huuita Phytolacca dodecandra. Ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine, wenye vishada virefu vya matunda madogo ya kijani ambayo yakiiva hugeuka waridi hadi mekundu. Waganda huuita oluwoko, Wakikuyu muhoko. Jina endodi ni la Ethiopia, ambako kwa vizazi wanawake wamefulia nguo kwa matunda yake yaliyopondwa kwa sababu yanatoa povu kama sabuni. Mwaka 1964, mjini Adwa, mwanasayansi wa huko Aklilu Lemma aliona kuwa chini ya mahali wanawake walipokuwa wakifulia, konokono walikuwa wamekufa kwa wingi. Kati ya 1969 na 1974 endodi ikajaribiwa Adwa kwa miaka mitano, na maambukizi ya kichocho kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5 yakashuka kutoka asilimia 50 hadi asilimia 7. Hakuna mmea mwingine wenye historia ya namna hiyo, ndiyo maana nautaja wa kwanza.

Tatizo lake kwetu ni hili: endodi hupenda nyanda za juu zenye ubaridi, na kichocho hupenda mabonde yenye joto. Kwa hiyo mara nyingi matunda yaliyokauka itabidi yasafirishwe.

Sasa kuhusu mingine mnayoniuliza:

Mwarobaini. Kila mtu anao, kila mtu anautaka. Una nguvu kwa wadudu wa shambani, lakini kwa konokono wa majini utahitaji mzigo wa majani ambao mwisho wake utaozesha maji. Sipendekezi.

Utupa. Huu ni mmea wa kuvulia samaki kwa sumu. Utaua samaki wote kabla ya konokono wa kwanza. Hapana.

Mnyaa. Utomvu wake ni hatari kwa macho, na kuukamua kwa wingi ni kujitafutia balaa. Hapana.

Mkonge. Maji ya majani yake yana saponini, kemikali ya povu ile ile ya jamii iliyomo kwenye endodi, na huua konokono. Lakini kinachohitajika ni kingi na ngozi huwasha vibaya. Labda kwa anayeishi jirani na mtambo wa mkonge na mwenye ruhusa.

Mjunju. Matunda yake yanaua konokono. Kwenye maeneo makavu ambako endodi haioti, huu unaweza kuwa mbadala wako. Fuata hatua zile zile za kupima.

Swartzia madagascariensis. Mti wa miombo wenye maganda marefu ya kahawia. Maganda yake yalijaribiwa maabara na kwenye madimbwi ya Ifakara miaka ya 1980 dhidi ya konokono wa kichocho cha mkojo, na yalifanya kazi. Kama upo Kilombero au ukanda wa miombo, unastahili ndoo za majaribio.

Hatua zinazofuata nimeziandika kwa endodi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Matunda ya endodi yaliyokauka, kilo 2 au 3 kwa kuanzia. Kinu na mchi, au mashine ya kusaga ambayo haitarudi kusaga unga wa kula. Mizani inayosoma gramu. Ile ya jikoni ya kielektroniki inatosha. Bomba la sindano la mililita 10 bila sindano yake. Ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko. Makopo au mitungi mitano ya plastiki ya lita moja na ushee, isiyokuwa na mabaki ya sabuni. Kitambaa cha kuchujia, kipande cha chandarua kikuukuu, kamba, futi kamba, na fimbo ndefu iliyowekewa alama za sentimita. Bomba la mgongoni la kunyunyizia.

Na vya kujikinga: mabuti ya mpira yanayofika magotini, glavu ndefu za mpira, miwani inayofunika macho pande zote, barakoa. Miwani na barakoa si mapambo. Vumbi la endodi likiingia puani utapiga chafya mpaka kifua kiume, na likiingia machoni ni maumivu makali.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha konokono ulionao ni wale wenyewe.

Nenda asubuhi mapema. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono jua linapopanda, wingi wake ukiwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Vaa mabuti na glavu, chota kwa chekeche kwenye majani ya ukingoni.

Mshike konokono ncha yake ikitazama juu na mlango ukikutazama. Bulinus, anayebeba kichocho cha mkojo, mlango wake uko kushoto. Biomphalaria, anayebeba kichocho cha tumbo, hana ncha. Amejikunja bapa kama sarafu. Wote wawili hawana kifuniko mlangoni. Ukiona konokono mwenye kifuniko kigumu kinachofunga mlango, huyo hahusiki na kichocho, hata kama mlango wake uko kushoto. Yupo mmoja mkubwa wa kushoto, Lanistes, anayewadanganya wengi; kifuniko ndicho kinachomtambulisha.

Mwenye mlango wa kulia, asiye na kifuniko, mwenye gamba jembamba, huenda ni Lymnaea anayebeba minyoo bapa ya ini ya ng'ombe. Dawa hii itamuua naye, na wafugaji watakushukuru.

2. Chuma matunda yakiwa yamekomaa lakini bado ya kijani.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Macho yanapenda matunda mekundu, lakini nguvu iko kwenye yale ya kijani yaliyojaa, kabla hayajaanza kugeuka rangi. Yatandaze kwenye mkeka, tabaka jembamba, mahali penye upepo, uyageuze kila siku mpaka yavunjike kwa kidole. Mbuzi, ng'ombe na watoto wasiyafikie.

Hifadhi matunda mazima ndani ya gunia kavu. Usisage mpaka siku ya kutumia ikaribie. Mazima hudumu, unga huvuta unyevu.

3. Saga.

Fanyia nje, upepo ukikupiga mgongoni, miwani na barakoa vikiwa usoni. Unga uwe laini kama wa sembe. Chekecha, chenga zirudi kinuni.

4. Loweka kwa maji baridi usiku kucha.

Pima gramu 10 za unga, tia ndani ya lita 1 ya maji ya kawaida, koroga taratibu, funika, acha mpaka kesho yake. Usichemshe. Usitumie maji ya moto hata kidogo. Ndani ya tunda kuna vimeng'enya vinavyoifungua saponini iwe kali kwa konokono pale unga unapokutana na maji, na moto huviua. Mtu aliyechemsha hupata povu zuri na dawa dhaifu.

Asubuhi chuja kwa kitambaa na ukamue machicha. Hiyo ndiyo dawa mama ya majaribio. Itumie siku hiyo hiyo. Ikilala inapungua nguvu.

5. Jaribu kwenye makopo kabla ya kugusa lambo.

Usiruke hatua hii. Endodi hazilingani. Ethiopia walipima aina nyingi mpaka wakachagua chache, maarufu ikiwa aina namba 44, ambayo miligramu 10 tu kwa lita zinatosha kuua. Ya porini kwenu inaweza kuhitaji mara mbili, mara tano, au isifae kabisa. Kipimo cha mtu mwingine hakikusaidii.

Tia lita 1 ya maji ya lambo lenyewe, yaliyochujwa, katika kila kopo. Weka konokono 10 wazima kila kopo, wanaolingana ukubwa. Kisha kwa bomba la sindano:

Kopo A: usitie chochote.
Kopo B: mililita 1 ya dawa mama, sawa na miligramu 10 za unga kwa lita.
Kopo C: mililita 2.5, sawa na 25.
Kopo D: mililita 5, sawa na 50.
Kopo E: mililita 10, sawa na 100.

Funika kwa kipande cha chandarua, maana konokono wakihisi dawa hupanda juu na kutoka majini. Weka kivulini kwa saa 24. Kisha mwaga maji, suuza, watie kwenye maji safi ya lambo, waache saa 24 nyingine. Ndipo uhesabu. Konokono aliyejikunyata ndani ya gamba si maiti; wengi hulewa na kuzinduka. Mguse kwa njiti laini: aliyekufa hasogei, mwili umefifia rangi au unaning'inia nje.

Kopo lenye dawa ndogo kuliko yote lililoua konokono 9 au 10 ndilo kipimo chako. Ikiwa hata kopo E limeshindwa, achana na mmea huo. Dawa inayohitaji zaidi ya miligramu 100 kwa lita itakugharimu magunia na itaharibu maji.

Vaa glavu muda wote. Konokono hao wanaweza kuwa wanatoa vijidudu ndani ya makopo. Ukimaliza watie maji yanayochemka, na maji yaliyobaki yamwage kwenye udongo mkavu mbali na lambo.

6. Pima maji ya lambo.

Urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita, hukupa mita za ujazo. Kwenye kina ndipo hesabu huharibika: watu huchovya fimbo katikati, mahali penye kina kirefu, na kuchukua namba hiyo. Lambo lina umbo la bakuli. Pima sehemu zisizopungua kumi, pamoja na kingoni, ujumlishe, ugawanye kwa idadi.

Mfano: lambo la mita 12 kwa mita 5, kina cha wastani mita 0.4. Hiyo ni mita za ujazo 24.

7. Piga hesabu ya unga.

Kumbuka kanuni moja: miligramu 1 kwa lita ni gramu 1 kwa mita ya ujazo.

Tuseme kopo C, lenye miligramu 25, ndilo lililoua. Kwenye lambo tope na magugu hunyonya sehemu ya dawa, kwa hiyo mimi huzidisha kipimo cha kopo mara mbili: 50. Gramu 50 mara mita za ujazo 24 ni gramu 1,200, yaani kilo 1 na gramu 200. Usizidishe mara tano "ili kuwa na uhakika".

Kwa mfereji, funga banio kwanza. Ona kwa nini: mfereji wa upana wa mita 1, kina cha sentimita 30, maji yakienda sentimita 20 kwa sekunde, hupitisha takribani lita 60 kila sekunde. Kuyatia miligramu 10 tu kwa lita kwa saa 8 kunahitaji zaidi ya kilo 17 za unga, na dawa yote inamalizikia kwenye majaruba ya mwenzako. Ukifunga banio, maji yanabaki vidimbwi vidimbwi, na kila kidimbwi unakihesabu kama lambo dogo. Kubaliana na umoja wa wamwagiliaji siku ambayo hakuna mwenye zamu.

8. Andaa lambo na watu.

Ng'oa magugu ya majini na kata majani ya ukingoni siku kadhaa kabla. Ndiko konokono wanakokaa, wanakokula na wanakotagia. Yaliyong'olewa yatupwe juu, juani, mbali na maji. Kusema kweli kazi hii peke yake hupunguza konokono kuliko watu wanavyoamini, na haina sumu.

Hesabu konokono kabla ya dawa: chagua sehemu kumi kuzunguka ukingo, kila sehemu chota kwa chekeche mara tano, andika idadi. Bila namba hii hutajua kama umefanikiwa.

Tangaza. Kwa siku tatu kuanzia siku ya dawa mtu asichote, asioge, asinyweshe mifugo. Saponini ya endodi huvunjika yenyewe majini ndani ya siku mbili hivi. Ya tatu ni ya tahadhari. Kijana mmoja akae pale mchana, kwa sababu ng'ombe hawasomi matangazo. Hakikisha mifugo ina maji kwingine, la sivyo mtavunjiwa masharti saa 6 mchana.

9. Tia dawa.

Chagua siku isiyo na dalili ya mvua, asubuhi yenye utulivu. Jana yake uwe umeloweka unga wote kwa maji baridi, lita 10 kwa kila kilo. Chuja mara mbili, suuza machicha kwa maji kidogo ukamue tena. Usipochuja vizuri bomba la mgongoni litaziba kila hatua tano.

Zungusha dawa kwa mafungu: gawa katika sehemu mbili. Nusu ya kwanza ipige ukingoni pote, mita moja ndani ya maji na nusu mita juu ya nchi kavu penye unyevu. Nusu ya pili isambaze katikati kwa kumwaga kwa kopo ukizunguka, au kwa bomba lililotolewa pua. Anza upande upepo unakotoka. Usitikise bomba kwa nguvu, litajaa povu.

Kabla ya kuanza funga vifuko vitano vya chandarua, kila kimoja na konokono 10 wazima, uvitumbukize pembe mbalimbali za lambo kwa kamba. Hivyo ndivyo mashahidi wako.

10. Angalia baada ya saa 48.

Toa vifuko, watie konokono maji safi, subiri saa 24, uhesabu. Kisha rudia kuchota zile sehemu kumi na kulinganisha na namba za mwanzo. Matokeo mazuri ni kupungua kwa sehemu tisa katika kumi au zaidi.

11. Rudia baada ya wiki tatu.

Kwa kipimo kinachoua konokono, endodi haiui mayai yao. Mayai yamebaki kwenye majani na mawe yakiwa ndani ya ute, na wiki moja au zaidi kidogo baadaye vitoto vinatoka. Ukirudia wiki ya tatu unawapata kabla hawajaanza kutaga. Mzunguko mmoja bila wa pili ni kupoteza matunda.

Kuhusu samaki

Samaki waliomo watakufa, au wengi wao. Hakuna kipimo cha endodi kinachomuua konokono na kumwacha perege akiwa mzima wa afya. Kama lambo lina samaki wa kuliwa, wavueni wote kabla, au tumieni njia nyingine: kung'oa magugu, kukausha lambo kwa zamu, kuokota konokono kwa mkono wenye glavu, kufuga bata. Bata hawatamaliza kazi, ila wanakula konokono kila siku bila mshahara.

Yakienda mrama

Konokono hawakufa hata kwenye kopo E. Uliza hivi kwa mpangilio: matunda yalikuwa mekundu? maji yalikuwa ya moto? dawa ililala zaidi ya siku baada ya kuchujwa? Kama yote ni hapana, aina yako ni dhaifu. Tafuta mmea mwingine wa endodi, hata wa kijiji cha pili; tofauti inaweza kuwa kubwa. Ukimpata mzuri, panda vipandikizi vyake na si mbegu, ili nguvu ibaki ile ile.

Konokono wa kopo A nao wamekufa. Jaribio ni batili. Makopo yalikuwa na sabuni, au maji yalipata joto, au ulitumia maji ya bomba yenye klorini. Anza upya.

Makopo yaliua, lambo halikuua. Mara nyingi kina kilipimwa vibaya, au kuna maji yanayoingia chinichini na kuizimua dawa. Tazama vifuko: vikiua upande mmoja na kushindwa mwingine, tatizo ni usambazaji, si kipimo.

Wamepanda ukingoni wako hai. Wanaikimbia dawa. Ndiyo sababu ya kupiga nusu mita ya nchi kavu. Waokote kwa glavu siku hiyo hiyo jioni, uwatie kwenye ndoo yenye dawa iliyobaki.

Mmea wangu unachanua lakini hauzai. Endodi ina mimea dume na mimea jike. Wako ni dume. Mwache kwa ajili ya jirani zake, utafute jike.

Unga umeota ukungu. Tupa, fukia. Usijaribu kuukausha upya.

Dawa imeingia jichoni. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha zahanati. Mtu akiimeza, usimpe dawa ya kienyeji juu yake. Mpeleke zahanati na uchukue tawi la mmea uwaonyeshe.

Samaki wameelea mfereji wa chini. Banio linavuja au mmemwaga mfereji usiofungwa. Simamisha, waarifu watu wa chini wasichukue samaki wala maji kwa siku tatu, mwambie afisa afya kabla hajaambiwa na mwingine. Samaki hao wazikwe.

Nilikanyaga maji nikiwa na mabuti yaliyotoboka. Jifute kwa taulo kavu mara moja. Usikimbilie kumeza prazikwanteli, dawa ya kutibu kichocho, kesho yake: dawa hiyo hupiga minyoo iliyokomaa, na wachanga huponyoka. Kapime baada ya wiki sita hadi nane, au mapema ukiona homa, vipele vya kuwasha au damu kwenye mkojo.

Konokono wamerudi baada ya miezi miwili. Watarudi. Konokono mmoja wa jamii hizi anaweza kutaga bila mwenza, na wengine hulala ndani ya tope lambo likikauka wakingoja mvua. Panga dawa mara mbili kila kiangazi, maji yakiwa kidogo, na uangalie kila mwezi kwa zile sehemu kumi.

Wamerudi, na watoto bado wana damu kwenye mkojo. Basi geuza macho juu ya mkondo. Konokono hazaliwi na kichocho, anakipata kwa mkojo au kinyesi cha mtu kilichoingia majini. Tafuteni kaya zisizo na choo upande maji yanakotoka, muombe zahanati ipime wanafunzi na kuwapa prazikwanteli wiki ile ile mnayotia dawa lamboni, na mzunguko wa pili wa endodi usogezwe ufuate hapo.